Kuiamuru Kompyuta Irudie Kazi Faili Linapobadilika: Tajriba ya Migwani

Makala haya mafupi yanakusudia kueleza namna mwanafunzi wa lugha anavyoweza kuiachia kompyuta kazi ya kurudiarudia. Mfano wangu unatoka Migwani, Kitui, nilikokuwa nikikusanya orodha ya maneno ya Kikamba na fasili zake za Kiswahili. Kila neno nililolisahihisha lilinilazimu kuipanga orodha upya kialfabeti, kisha kuitengeneza kurasa za kuchapishwa. Amri zilikuwa zilezile, mara kadhaa kwa saa.

Programu kongwe ya kuondoa adha hii ni make, aliyoiandika Stuart Feldman katika Maabara ya Bell mwaka 1976. Make hulinganisha saa: iwapo faili la chanzo limebadilishwa baada ya zao lake kuundwa, amri hutekelezwa, vinginevyo hutulia. Hata hivyo, sharti mtu aiite. Hapo ndipo inapoingia entr, programu ndogo ya Eric Radman, ambayo hukabidhiwa orodha ya mafaili na kuyalinda kama bawabu:

ls *.txt | entr make

Kila uhifadhipo faili, make huitwa papo hapo. Entr haichungulii mafaili kila mara. Hungoja kuarifiwa na kiini cha mfumo wenyewe. Katika Linux, huduma hiyo ya kuarifu, yaani inotify, imo tangu toleo 2.6.13 la mwaka 2005. Ila bawabu huyu hamtambui mgeni: faili jipya halimo katika orodha aliyopewa.

Mimi nilinaswa kwingine. Betri ndogo ya saa katika kompyuta yangu kuukuu ilikuwa imekufa, na kila umeme ulipokatika tarehe ilirudi nyuma miaka kadhaa. Mzee mmoja alikuwa amenisahihisha kwamba mbiti si chui, ni fisi. Nikarekebisha, nikahifadhi, entr ikaita make. Make ikaona chanzo kina tarehe ya zamani kuliko zao, ikajibu kwamba hakuna la kufanya. Ujumbe huo sikuusoma. Nikachapisha, nikampelekea mzee nakala ambamo fisi angali chui. Alicheka, lakini siku hiyo hakunipa neno jipya hata moja.

Tiba ni kurekebisha saa kwanza kwa amri ya date, kisha kuendesha make -B mara moja, ambayo huunda kila zao upya bila kujali tarehe. Siku hizi huamuru pia tarehe ya kuundwa ichapwe chini ya kila ukurasa, nami huitazama kabla ya kumwendea mzee.