Kigali Ilivyotekwa Bila Vita Vikubwa: Nani Alikuwa Akiamua Mei 1916?

Tarehe 6 Mei 1916, askari wa Kongo ya Kibelgiji waliingia Kigali. Mji wa siku hizo ulikuwa kituo kidogo juu ya kilima cha Nyarugenge, alikoanzia Richard Kandt mwaka 1907. Mtaa wetu wa Muhima ni ubavu wa kilima hichohicho, unaoteremka hadi Nyabugogo. Hapakupiganwa vita vikubwa hapa. Kapteni Max Wintgens, kamanda wa Wajerumani nchini Rwanda, alikuwa mbali magharibi karibu na Ziwa Kivu, na kikosi chake kilikuwa bado imara. Basi mji ulipoteaje?

Jibu limo katika namna kila upande ulivyogawa mamlaka ya kuamua, na ili tulielewe inafaa turudi nyuma miaka mia moja, kwa Napoleon.

Zamani majeshi mengi ya Ulaya yalitembea kama mwili mmoja, yakisubiri neno la mfalme au jemadari. Wafaransa waliligawa jeshi katika makundi makubwa, kila moja likiwa na askari wa miguu, wapanda farasi, mizinga na wanadhimu wake. Tuyaite kori. Kila kori ilipita njia yake, ikajilisha njiani, na ilipokutana na adui iliweza kumshikilia hadi wenzake wafike. Mnamo Oktoba 14, 1806, pale Auerstedt, kori moja ya Marshal Davout yenye watu wasiofika 30,000 ililishinda jeshi kuu la Prussia lililoizidi takriban mara mbili. Nyuma ya mpango huo alikaa Berthier, mnadhimu mkuu, aliyegeuza mawazo ya Napoleon kuwa amri zilizoandikwa, zinazosomeka, na zinazofika kwa wakati. Huko Waterloo, Juni 18, 1815, Berthier alikuwa ameshafariki. Marshal Grouchy alisikia mizinga ikinguruma kwa mbali lakini akashikilia amri aliyopewa ya kuwafuata Waprussia, na Waprussia wengi wakafika Waterloo ilhali yeye hakufika.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1914 jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki lilikuwa na kombania 14, na ya 11 ilikaa Gisenyi. Kombania moja ilikuwa na askari wapatao 160 hadi 200, maofisa wachache wa Kijerumani, bombomu zake (bunduki za rashasha), na wapagazi wake. Kwa macho yangu, ile ni kori iliyopunguzwa ikatosha njia ya miguu ya msituni: inajitegemea, na mkuu wake haombi ruhusa kwa kila hatua.

Tazama vyeo vyake kwa karibu. Juu ya askari wa kawaida kulikuwa na ombasha, kisha shaushi, kisha bashaushi. Maneno haya ni ya Kituruki. Yalikuja kupitia Misri, ambako Hermann von Wissmann aliandikisha askari wa Kisudani mwaka 1889. Katika Kituruki “on” ni kumi na “baş” ni kichwa, kwa hiyo ombasha ni kichwa cha watu kumi. Jina lenyewe linakuambia amri ilishukia wapi. Ofisa Mjerumani alilazimika kujifunza Kiswahili, kwa sababu bila hicho amri yake ingeishia mdomoni mwake.

Upande wa pili, wa Wabelgiji, Jenerali Charles Tombeur alipanga brigedi mbili. Ya kaskazini aliiongoza Kanali Molitor, ikashuka kutoka mpaka wa Uganda kuelekea Kigali. Ya kusini aliiongoza Olsen, mzaliwa wa Denmark, ikapita kusini mwa Ziwa Kivu kuelekea Nyanza, kwenye makao ya Mwami Yuhi Musinga. Kila brigedi ilikuwa na rejimenti zake na mizinga yake. Huu ndio mtindo wa kori: njia mbili, shabaha moja. Molitor alipofika Kigali alikuwa nyuma ya mgongo wa Wintgens, na ngome zake za Kivu hazikuwa na maana tena.

Lakini Wintgens hakunaswa. Kombania zake zilikuwa nyepesi na zilizoea kuamua zenyewe, zikapenya kusini hadi Urundi kabla brigedi hazijakutana. Naamini kila upande ulipata kile ulichoundwa kukipata: Tombeur alipata ardhi, hadi Tabora tarehe 19 Septemba, na Wajerumani walipata muda. Vita Afrika Mashariki viliendelea hadi Novemba 1918.

Majedwali ya majeshi huishia kwa askari. Chini ya ombasha alikuwapo mpagazi, aliyeamriwa na wote na asiyemwamuru yeyote, akibeba risasi na chakula cha pande zote mbili. Chakula hicho na mikono hiyo vilitoka mashambani. Kaskazini magharibi mwa Rwanda, ambako majeshi yalikuwa yamekabiliana kwa muda mrefu, njaa iitwayo Rumanura ilianza mwaka huohuo wa 1916 na kudumu hadi 1918.