Laki Sita za Siku Sitini

Sogeeni, wajukuu zangu, leo tunazungumza hela. Nyinyi wa kidato cha sita ndio hasa ninaowataka, maana Mei mnafanya mtihani, na mwisho wa mwaka baadhi yenu mtakuwa chuoni, mbali na sufuria ya mama.

Hapa Dodoma mvua ni msimu mmoja. Inaanza Desemba, Aprili imekwisha. Mtama na uwele tunavuna mara moja, kisha tunasubiri mwaka mwingine. Ndiyo maana ghala halikufunguliwa na kila mwenye njaa. Bibi wa nyumba ndiye aliyepima: debe hili la kula, hili la mbegu, na mbegu haiguswi hata mambo yakiwa magumu. Anayeuza magunia yote ya mahindi pale soko la Kibaigwa baada tu ya kuvuna, wakati kila mtu anauza na bei iko chini, ndiye huyohuyo anayerudi kununua unga bei ikishapanda. Haya mmeyaona nyumbani. Nimeyataja kwa sababu fedha kubwa ya kwanza mtakayoshika itawajia kama mavuno, kwa mkupuo mmoja, kisha kimya.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanaiita boom. Ni fedha ya chakula na malazi anayopata mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Mwaka 2022 serikali iliipandisha kutoka Sh8,500 kwa siku hadi Sh10,000. Lakini hupewi elfu kumi kila asubuhi. Inaingia ya siku 60 kwa pamoja, Sh600,000. Mtoto aliyezoea kurudi bweni na nauli pamoja na elfu tano ya sabuni, leo anafungua meseji anaona laki sita!

Tumfikirie binti mmoja aliyetoka Mpwapwa. Wiki ya kwanza amenunua simu ya laki mbili na nusu. Viatu na kusuka nywele, elfu themanini. Chips kuku na wenzake pale Ng'ong'ona, karibu na chuo, jioni tatu, elfu thelathini. Hajafanya ajabu yoyote, kila kimoja kina sababu yake. Lakini jumlisheni: laki tatu na elfu sitini zimekwenda. Zimebaki laki mbili na arobaini za siku 53, yaani hazifiki elfu tano kwa siku. Hapo bado sijahesabu chakula chake cha kawaida cha wiki hiyo, vocha wala kutoa kopi.

Siku ya arobaini binti huyo hana kitu, anaanza kutafuta mkopo wa kwenye simu. Hapa nisikilizeni vizuri. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu mtandaoni bila leseni. Kuna programu ambayo ukiipakua inaomba kuona namba zote ulizohifadhi. Ukichelewa kulipa, meseji za aibu zinamwendea shangazi, mchungaji, hata mwalimu wako. Na hesabu yake ni hii: ukikopa elfu hamsini Jumatatu ukarudisha elfu sitini na tano Jumatatu inayofuata, umelipa riba ya asilimia 30 kwa wiki moja. Mkopo wa namna hiyo ndio watu wanaouita kausha damu, uwe wa ofisini au wa ndani ya simu.

Sasa tufanye kwa mkono. Siku hela inapoingia, kabla ya kula cha jioni, kaa na daftari. Toa kwanza ya kopi na vifaa vya masomo. Toa ya kuugua. Inayobaki igawe kwa 60, uijue namba yako ya siku, na hiyo namba uiheshimu. Baki na ya wiki ya kwanza, inayosalia ihamishie kwenye akaunti ya akiba isiyoguswa kirahisi, kila Jumatatu utoe ya wiki. Usitoe kwa wakala elfu tano tano, maana kila ukitoa kuna makato, na mara kumi za elfu tano zinakula zaidi ya elfu hamsini ya mara moja. Wala boom si zawadi. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakatwa kila mwezi mpaka deni liishe.

Mtaala mpya umeifanya Elimu ya Biashara kuwa somo la lazima sekondari, nami nimefurahi sana. Lakini hesabu ya ubaoni haiumi, na hela inafundisha pale inapouma. Wazazi, nanyi nawaambia: mnawaficha watoto bei ya unga na ya mafuta, halafu mnashangaa wakimaliza laki sita kwa wiki mbili. Mpe kijana wa kidato cha tatu hela ya chumvi, sabuni na mafuta ya mwezi mzima, aisimamie yeye. Akikosea, hela ikaisha tarehe ishirini, nyumba nzima ile mboga chukuchuku mpaka mwezi uishe. Auze ubuyu likizo, aone mtaji unavyoliwa na mdomo wake mwenyewe.

Mmoja wenu ataniuliza: na mama akipiga simu kwamba mvua imekata, alizeti imenyauka, mdogo wangu hana sare? Swali hili ni gumu kuliko yote, na sitakwambia usitume. Fungu la nyumbani litenge siku ileile ya kwanza, hata likiwa elfu thelathini, kisha umpigie umwambie: mama, yako ni hii, itakuja mara moja kila boom. Akikijua kiasi, naye atapanga. Wengi wanatuma laki nzima kwa huruma wiki ya kwanza, na wiki ya sita wanampigia mama huyohuyo kuomba hela ya kula, naye anauza mbuzi ili awarudishie.