Kalibu ya Upinde: Mbao Rahisi Inayobeba Tani Tatu

Je, wajua kwamba upinde wa kisasa wa mbao na fibaglasi hupata umbo lake ndani ya kalibu, na kwamba kalibu hiyo, licha ya kubeba nguvu ya tani 3 na zaidi, hutengenezwa kwa mbao ambazo seremala wa samani angezidharau?

Si kila upinde una haja ya kalibu. Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, huchonga wa kwao kutoka mti mmoja, na umbo hutokana na mti wenyewe pamoja na mkono wa mchongaji. Kalibu huingia kazini pale upinde unapokuwa wa tabaka: vipande vyembamba vya mbao vilivyorundikwa na kugandishwa kwa gundi huku vimekunjwa, ili vikikauka vibaki na mkunjo ule. Huko Marekani njia hii ilishika kasi baada ya Vita Kuu ya Pili. Mtengenezaji wa pinde Fred Bear alihamia na kiwanda chake katika mji mdogo wa Grayling, Michigan, mwaka 1947, na miaka ya 1950 pinde zenye mbao katikati na fibaglasi mgongoni na tumboni zikawa za kawaida. Leo mamia ya mafundi wa nyumbani nchini humo hufanya kazi hiyohiyo gerejini, na swali la kwanza linalowakuta si la upinde. Ni la kalibu: nikanunue mbao gani?

Tuitazame inavyofanya kazi. Kalibu ya kawaida ina nusu mbili. Ya chini imekatwa kwa umbo la upinde, ya juu inafuata umbo hilohilo kwa kuacha nafasi kidogo. Fundi hupaka gundi ya epoksi, hulaza tabaka zake juu ya nusu ya chini, huweka mpira bapa wa zimamoto juu yake, hufunga nusu ya juu kwa boliti, kisha hujaza mpira upepo. Wengi hufika karibu psi 60, yaani kama mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo. Inasikika kidogo, lakini piga hesabu. Psi 60 ni zaidi ya kilo 4 kwa kila sentimita ya mraba. Mpira wenye upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 160 una eneo la sentimita za mraba 800. Jumla inapita kilo 3,200, na nguvu hiyo yote inazisukuma nusu mbili za kalibu ziachane. Baadaye kalibu nzima huingizwa katika sanduku la joto, mara nyingi la kubuni tu lenye balbu ndani, ikae kwenye nyuzi 70 au 80 za Selsiasi kwa saa kadhaa.

Mtu akisikia tani 3 hukimbilia mbao ngumu: mwaloni, hikori, au kwetu mninga na mvule. Hapo ndipo anapopoteza pesa. Mbao ngumu ina nguvu, ndiyo, ila kalibu haiombi nguvu hiyo. Nguvu ya kutopinda inapatikana kwa kina: ukiongeza maradufu kimo cha boriti, ugumu wake wa kupinda unakua mara 8. Acha sentimita 10 au zaidi za mbao chini ya sehemu nyembamba kabisa ya kalibu, na hata mbao laini haitasogea. Anachoomba fundi ni kitu kingine: mbao itulie. Isijikunje, isisinyae, isigeuke ikipata joto leo na unyevu kesho.

Na mbao ya asili haitulii. Kutoka ubichi hadi ukavu kabisa, husinyaa kama asilimia 6 hadi 10 kwa kufuata miviringo ya ukuaji, nusu ya hapo kutoka moyo kwenda ganda, lakini kwa urefu wa nyuzinyuzi haifiki hata asilimia 1. Chukua ubao wa msonobari wenye kimo cha sentimita 15 na unyevu wa asilimia 12. Joto la sanduku likiushusha hadi 6, unaweza kupoteza milimita 2 hivi. Ubao mmoja pengine ungevumilika. Tatizo ni kwamba kalibu hugandishwa kwa mbao mbili au tatu ubavu kwa ubavu, na kila moja husinyaa kivyake. Uso uliokuwa laini kama kioo unaota matuta, na kila tuta linajichapa kwenye upinde au kuacha pengo la gundi.

Dawa yake ni plaiwudi. Katika plaiwudi kila tabaka limelazwa kukatisha jirani yake, na kwa kuwa mbao karibu haisinyai kwa urefu, kila moja humzuia mwenzake asijinyonge. Shiti moja ya futi 4 kwa 8, unene wa milimita 18, inatosha kalibu nzima: vipande vitatu vilivyogandishwa pamoja vinatoa upana wa milimita 54. Hakuna haja ya ile yenye sura nzuri ya kabati. Ila chungulia kingo zake kabla ya kulipa, maana uso wa kalibu ni kingo hizohizo. Plaiwudi duni kupita kiasi ina mashimo katikati ya tabaka, na shimo chini ya shinikizo hugeuka bonde.

MDF, yaani ubao wa nyuzinyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ulioanza kuuzwa Marekani katikati ya miaka ya 1960, haina mashimo wala mwelekeo wa nyuzinyuzi, na hukatika safi ajabu. Mimi ningeiweka nafasi ya pili. Shiti yake inafika kilo 40, ikinywa maji huvimba isirudi, na skrubu au pini ikipigwa kwenye kingo huipasua, jambo baya kwa wale wanaobana kwa vipande vya mpira wa tyubu vinavyonaswa kwenye pini hizo badala ya upepo. Vumbi lake nalo si la kuvuta bila barakoa. Chipubodi hata usiifikirie, kingo zake humeguka.

Je, mbao za ujenzi hazifai kabisa? Zinafaa kwa upinde rahisi wa tabaka mbili unaogandishwa kwa gundi ya kawaida ya seremala, bila joto. Hapo boriti moja iliyonyooka ya inchi 2 kwa 4, ambayo dukani Marekani ina inchi 1.5 kwa 3.5 tu, pamoja na vibao viwili vya kuinua ncha, ni kalibu kamili. Kumbuka tu kuzidisha mkunjo, kwa sababu upinde ukitolewa hujirudi. Kwa hesabu ya tabaka zenye unene sawa, tabaka 2 hurudisha robo ya mkunjo, tabaka 4 kama asilimia 6.

Kwa mbao yoyote ile, pima uso kwa guni kila sentimita chache. Ukiacha nyuzi 90 hata kidogo, mikono ya upinde itazaliwa imejinyonga na kamba itateleza pembeni. Kisha funika uso kwa selotepu ya plastiki au nailoni ya jikoni, epoksi haishiki hapo.

Pesa utakayookoa kwenye kalibu ipeleke kwenye mbao ya upinde wenyewe. Hiyo ndiyo itakayopinda maelfu ya mara, na hapo bei rahisi haina utetezi.