Fahamu: Siku nne kazini, tatu nyumbani. Yahuma inawezekana?

Tangu Novemba 2022, mfanyakazi wa Ubelgiji anaweza kuomba kumaliza saa zake 38 za wiki kwa siku nne, mshahara uleule. Je, mkata mikungu ya ngazi wa Yahuma, nchini Kongo (DRC), ambako mashamba ya michikichi ya Lokutu yamefika, naye anaweza?

Kwa sheria ilivyo, ni vigumu. Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 imeweka mipaka miwili: saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Zikizidi, ni saa za ziada, na zina malipo yake. Sasa gawa 45 kwa nne: saa 11 na dakika 15. Yahuma iko karibu na ikweta, mchana wake ni saa 12 mwaka mzima. Mtu angeshinda chini ya michikichi, panga mkononi, tangu alfajiri hadi magharibi. Hayo si mapumziko, ni adhabu.

Kinachowezekana ni saa 9 kwa siku tano, Jumamosi na Jumapili nyumbani. Lakini kwa anayelipwa kwa hesabu ya mikungu, siku ya mapumziko ni siku bila franga. Kabla ya kukubali ratiba mpya, uliza kwanza malipo yatahesabiwaje.