Barua za Wazee wa Quissanga

Wanangu, kaeni vizuri. Leo twende Ibo, kile kisiwa cha Msumbiji kilicho mbele ya Quissanga, enzi ambazo mtoto alizaliwa na kukuta serikali imekwisha kumpangia daraja lake.

Msidhani Wareno waliotutawala ndio waliozua matabaka. La. Pwani hii ilijua waungwana na watumwa tangu zamani, na Ibo yenyewe ilitajirika kwa biashara ya watu. Majumba yale ya mawe yenye baraza pana hayakujengwa kwa pesa ya pweza! Tajiri alikaa humo. Maskini alikaa kwenye nyumba ya udongo na makuti.

Wareno waliligeuza jambo hilo kuwa sheria. Mwafrika wa kawaida aliitwa "indijena". Alilipa kodi ya kibanda, na akionekana hana kazi wanayoitambua, alikamatwa akapelekwa chibalo, yaani kazi ya kulazimishwa. Huku kaskazini, Kampuni ya Niassa ilipewa nchi kuanzia 1891 hadi 1929, ikakamua kodi mpaka watu wakawa wanavuka mto Ruvuma kukimbilia Tanganyika.

Juu ya indijena alikuwapo "asimiladu", Mwafrika aliyehesabiwa kuwa raia. Cheo hicho kiliombwa, na mwombaji alipimwa: anasema Kireno sawasawa? Ana kazi ya kumlisha yeye na watoto? Ameziacha desturi za kwao? Mwaka 1950, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 5, waliokipata hawakufika 5,000.

Hapa ndipo ninapocheka kwa hasira. Katika karne ya 19, masheikh na wakubwa wa pwani hii, wa Quissanga wakiwamo, waliwaandikia magavana wa Kireno barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Walijadili biashara, vita na mipaka, na Wareno wakalazimika kutafuta wafasiri ili waelewe wanaambiwa nini. Lakini wajukuu wa waandishi hao, waliosoma chuo cha Kurani tangu utotoni, elimu yao haikuwafaa kitu mbele ya sheria ya asimiladu. Nani hapo hakujua kusoma?

Sheria ya indijena na asimiladu ilifutwa Septemba 1961. Uhuru ulikuja tarehe 25 Juni 1975.

Barua zile zingalipo Maputo, katika Hifadhi ya Nyaraka ya taifa. Basi wanangu, mwalimu wenu wa chuo akiwafundisha herufi, msisinzie: mkikua, nendeni mkazisome wenyewe.