Nyumba Iliyokula Mwenyewe

Katika Suratun-Nahl Mola wetu ameihesabu nyumba miongoni mwa neema Zake, kwa kuwa ameijaalia iwe mahali pa utulivu. Basi si ajabu mtu kuipenda nyumba yake. La kutisha ni pale mapenzi hayo yanapowala aliowakusudia mema.

Tumtazame Thomas Jefferson, Rais wa 3 wa Marekani. Mwaka 1768, akiwa na umri wa miaka 25, aliamuru kilele cha kilima chake huko Virginia kisawazishwe, akaanza kujenga nyumba aliyoiita Monticello. Ujenzi alijifunza vitabuni, na ramani akazichora mwenyewe. Mwaka 1772 alimleta bibi arusi wake, Martha, wakakaa katika kijumba cha pembeni. Martha alifariki mwaka 1782, nyumba haijakamilika. Kisha Jefferson akawa balozi Paris, akapendezwa na majumba ya huko, na mwaka 1796 akaanza kubomoa na kujenga upya, mara hii kwa kuba. Kazi ikafikia tamati yapata mwaka 1809.

Lakini waliofyatua matofali na kuranda mbao wengi wao walikuwa watumwa. Mtu huyu, aliyeandika kwamba wanadamu wote wameumbwa sawa, alimiliki maishani mwake watu zaidi ya 600. Alikuwa hata na tafsiri ya Qur'ani aliyoinunua mwaka 1765, Kitabu kinachohimiza kuacha huru shingo. Nasi wa Pwani tusimnyooshee kidole kwa kujitakasa, kwani utumwa umepita mitaani mwetu pia.

Alifariki tarehe 4 Julai 1826, akiacha deni la zaidi ya dola 100,000. Januari 1827 vyombo vyake vilinadiwa, na pamoja navyo watu wapatao 130. Wazazi wakatenganishwa na watoto wao. Mwaka 1831 nyumba yenyewe ikauzwa. Deni halikutokana na ujenzi peke yake, ila ujenzi usiokoma uliliongeza.

Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiuliza juu ya deni la maiti kabla ya kumsalia. Basi, enyi baba na mama, kabla ya kupandisha ghorofa nyingine tujiulize: je, fundi amelipwa ujira wake? Deni limeandikwa, na mashahidi wapo? Tukifa usiku huu, watoto watarithi paa au watarithi wadai?

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuwa za utulivu. Amin.