Je, Wajua? Mtoto, Mtungi na Bahari

Je, wajua kwamba mtoto wa miaka 10 anaweza kuwa na cheti cha kupiga mbizi kinachokubalika kuanzia Mnemba, Zanzibar, hadi Bahari ya Shamu, ilhali leseni ya pikipiki ataisubiri miaka kadhaa zaidi? Vyeti vya namna hiyo hutolewa na mashirika mengi. Lililoenea zaidi ni PADI, lililoanzishwa Marekani mwaka 1966 na John Cronin pamoja na Ralph Erickson. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 mtoto alitakiwa awe ametimiza 12. Umri uliposhushwa hadi 10 madaktari kadhaa walikuna vichwa, na wengine wanaendelea kukuna.

Je, wajua kwamba kila umri una kina chake? Mtoto wa miaka 8 anaonjeshwa tu: bwawani au kwenye maji yaliyotulia, kina kisichozidi mita 2, mwalimu akiwa karibu naye kiasi cha kumshika. Wa miaka 10 na 11 akishafuzu anashuka hadi mita 12, na lazima aongozane na mzazi au mlezi mwenye cheti, au mtaalamu wa kazi hiyo. Kuanzia 12 hadi 14 anafika mita 18 pamoja na mtu mzima mwenye cheti. Akitimiza 15, cheti cha kitoto kinakuwa cha kikubwa bila mtihani mwingine. Wafaransa, ambao kwao mbizi ni mambo ya klabu kuliko ya watalii, nao huanza na wa miaka 8, na wamewawekea watoto ngazi za shaba, fedha na dhahabu ili wasikimbilie kina.

Kwa nini 8, isiwe 6? Kwanza mapafu. Vifuko vya hewa vilivyomo humo huongezeka kwa kasi utotoni, na madaktari hawapendi kuvijaribu kabla havijapevuka. Pili, jambo ambalo halipimwi kwa mashine: mtoto mdogo akishtuka hubana pumzi. Nchi kavu hilo halina madhara. Chini ya maji, na kipumulio mdomoni, ndilo kosa kubwa kuliko yote.

Je, wajua kwamba kanuni ya kwanza anayofundishwa mpiga mbizi, mkubwa kwa mdogo, ni kutobana pumzi kamwe? Jaza puto hewa ya mtungi ukiwa kina cha mita 10, lifunge, liachie. Likifika juu litakuwa mara mbili ya ukubwa wake, kama halijapasuka njiani. Mgandamizo wa mita 10 ni maradufu ya ule wa juu ya maji, na Robert Boyle aliyaandika mahesabu yake mwaka 1662. Sasa badala ya puto weka mapafu ya mtoto aliyebana pumzi na kupanda kwa pupa. Hakihitajiki kina kirefu: mita moja na robo hivi inatosha kuyaumiza. Anayekwambia maji mafupi hayana neno anazungumzia kuogelea, hazungumzii mtungi. Mabadiliko makubwa zaidi ya ujazo wa hewa yamo katika mita 10 za juu, na humo ndimo watoto wanamosomeshwa.

Je, wajua kwamba Jacques-Yves Cousteau, Mfaransa aliyeshirikiana na mhandisi Émile Gagnan kutengeneza kipumulio cha kisasa mwaka 1943, hakusubiri umri wowote? Mwanawe Jean-Michel, aliyezaliwa 1938, amesimulia mara nyingi kwamba baba yake alimtosa baharini na mtungi mgongoni akiwa na miaka 7. Alikua, akawa mtetezi wa bahari anayejulikana duniani. Hata hivyo mzazi anayetaka kufuata nyayo hizo akumbuke kwamba mwalimu yeyote mwenye kibali chake angekataa.

Je, wajua kwamba kinachowakwamisha watoto wengi si woga bali masikio? Mrija unaounganisha sikio na koo kwa mtoto ni mfupi, mwembamba na umelala kuliko wa mtu mzima, ndiyo maana mafua yake huishia masikioni. Akishuka, maji yanasukuma ngoma ya sikio kuelekea ndani, na hewa inabidi ipite kwenye mrija huo ili kusawazisha. Mbinu ya kawaida ni kubana pua kwa vidole viwili juu ya miwani, kufunga mdomo na kupuliza taratibu. Ina jina la Antonio Maria Valsalva, daktari wa Bologna aliyefariki mwaka 1723.

Tazama darasa zuri linavyoshuka. Watoto wameshika kamba ya nanga, mkono juu ya mkono. Kila baada ya nusu mita hivi wanasimama, wanabana pua, wanapuliza, kisha mwalimu anamtazama kila mmoja usoni. Mmoja anatikisa kiganja kulia na kushoto, halafu ananyooshea sikio kidole: kuna tatizo. Kundi zima linasimama. Anapandishwa kidogo, anajaribu tena. Sikio likigoma, mbizi imekwisha kwa leo, na hakuna wa kumlaumu. Mwalimu anayemwambia mtoto “vumilia kidogo” wakati huo, mrudishie kitabu chake udai fedha zako. Ngoma ya sikio hupasuka.

Je, wajua kwamba mtungi ule si wa oksijeni? Magazeti yetu huandika hivyo kila siku, lakini ndani yake mna hewa hii hii unayovuta sasa, imechujwa, ikakaushwa, ikashindiliwa: asilimia 21 oksijeni, na iliyobaki karibu yote ni naitrojeni. Oksijeni tupu ikivutwa chini ya mita 6 hivi inaweza kumtia mtu degedege. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 unabeba hewa lita 2,400. Mtungi wa kawaida wa alumini una uzito wa kilo 14 hivi, karibu nusu ya uzito wa mtoto wa miaka 10. Kwa hiyo makini na shule inayomtembeza mtoto mchangani akiwa amebeba vyombo vyote. Wanaojua kazi humpa mtungi mdogo na kumvika akiwa tayari majini, anakoelea nao bila taabu. Kipumulio nacho kiwe na kishikio cha mdomo cha kitoto, maana cha mtu mzima humchosha taya akakitema.

Je, wajua kwamba mtihani wa mtoto wa miaka 10 hauna nafuu? Masomo ya darasani ni yale yale ya mtu mzima, na maswali pia. Kisha mazoezi ya bwawani, kisha mbizi 4 za baharini. Kabla ya cheti ataogelea mita 200 bila kusimama, kwa mtindo wowote na bila kuhesabiwa muda, na ataelea dakika 10 bila kushika kitu. Asiyejua kuogelea anaanzia hapo kwenye kuogelea. Hakuna njia ya mkato, hata kama hoteli ina punguzo la familia.

Zoezi linaloliza wengi ni la miwani. Mtoto amepiga magoti chini ya bwawa. Anainua ukingo wa miwani kidogo, maji yanaingia, yanapanda hadi machoni. Macho yanawasha, pua imezama, na mwili mzima unamwambia akimbilie juu. Anatakiwa asikimbie. Avute hewa kwa mdomo, aangalie juu kidogo, akandamize ukingo wa juu wa miwani kwenye paji la uso, atoe pumzi puani polepole. Maji yanasukumwa nje kwa chini, na miwani inabaki na hewa tupu. Kuna watoto wanaolifanya mara ya kwanza na kucheka mapovu yao. Kuna wanaohitaji wiki nzima. Umri hausemi yupi ni yupi, na mimi naona zoezi hili pekee ndilo linaloonyesha nani yuko tayari.

Je, wajua kwamba dole gumba juu chini ya maji halimaanishi “safi”? Linamaanisha “tupande”. Mtoto aliyezoea kupigwa picha akionyesha dole anaweza kukatiza mbizi ya watu wanne kwa furaha yake tu. “Niko sawa” ni duara la kidole gumba na cha shahada. Na dole la kupanda halijadiliwi: akilionyesha wa miaka 10, mtu mzima anapanda naye, asubirie maelezo juu.

Maji hunyang’anya mwili joto kwa kasi inayokadiriwa kuwa mara 25 ya hewa. Mtoto ana ngozi nyingi kwa kilo zake chache, hivyo hupoa haraka kuliko baba yake aliyeshuka naye. Hata kwenye maji yetu ya kaskazi, yenye nyuzi 28 na ushei, baada ya nusu saa midomo hubadilika rangi. Avae suti ya mpira, na mbizi iwe fupi.

Je, wajua kwamba chini kule masikio na macho hudanganya? Sauti husafiri majini zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, hivyo injini ya boti inasikika kama iko pande zote na huwezi kujua inatokea wapi. Samaki huonekana mkubwa kwa theluthi moja kuliko alivyo, na wavuvi wa uongo wana kisingizio hapo. Rangi nyekundu hutoweka kabla ya nyingine zote. Mtoto akijikwaruza kwenye kina, damu yake ataiona ya kijani. Aelezwe mapema, vinginevyo dole gumba litapanda.

Je, wajua kwamba wako watoto wanaoona vizuri majini bila miwani? Wamoken ni watu wa bahari wa Thailand na Myanmar, na watoto wao huzamia kutafuta chaza na majongoo bahari kwa macho matupu. Mwaka 2003 mtafiti Anna Gislén wa Sweden alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba wanaona majini kwa uangavu maradufu ya watoto wa Ulaya, kwa sababu hubana mboni zao hadi zikawe ndogo kabisa. Baadaye aliwafundisha watoto wa Sweden, nao wakaweza. Kumbe ni mazoezi, si damu.

Sasa tuje kwetu, ambako bahari iko mlangoni na watoto wengi wa pwani wanaijua kwa miguu tu. Kaskazini mwa Unguja, mradi uitwao Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuelea na kuogelea wakiwa na mavazi yanayositiri mwili mzima. Picha zao zilizopigwa na Anna Boyiazis zilishinda tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Ukiniuliza, huo ndio mlango wa kwanza wa mbizi Zanzibar, kabla ya mtungi wowote.

Mlango wa pili uko Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Unguja ambacho mwamba wake umehifadhiwa rasmi tangu 1994. Wanafunzi hupelekwa huko kutazama matumbawe kwa miwani na mrija wa kupumulia, wakiongozwa na walinzi ambao baadhi yao walikuwa wavuvi. Na mbizi za mitungi kwa burudani? Haziruhusiwi Chumbe. Mwamba ni mfupi mno kiasi kwamba miwani inatosha, nao umebaki mzima.

Je, wajua kwamba hata papa potwe wa kisiwa cha Mafia hahitaji mtungi? Hula juu juu, mdomo wazi, akichuja vidudu vya majini, na hana haja na mtu. Msimu ni kuanzia Oktoba hadi Machi hivi. Wengi wanaoonekana pale ni madume ambao hawajapevuka, kwa hiyo mwanao akiogelea kando ya samaki wa mita 6 au 7, ajue huyo naye bado mtoto.

Je, wajua kwamba karatasi muhimu kuliko cheti ni ile fomu ya afya ambayo wazazi huijaza wamesimama, kalamu ya kuazima, wakitia “hapana” mstari kwa mstari? Pumu, kifafa, upasuaji wa masikio, moyo, hofu ya mahali finyu: kila swali limewekwa kwa sababu. “Ndiyo” moja haimfungii mtoto mlango. Inampeleka kwa daktari, ambaye mara nyingi humruhusu. “Hapana” ya uongo ndiyo inayomtuma chini na pumu ambayo mwalimu haijui. Swali moja halimo kwenye fomu na ningeliongeza mimi: nani anataka mbizi hii, mtoto au wewe? Muulize mwenyewe, faragha, kabla ya kulipa. Akisema “sawa tu”, subiri mwaka mmoja.

Je, wajua, mwisho kabisa, kwamba aliyezamia leo hapandi ndege leo? Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini kule chini hutoka polepole, na ndege ikipaa mgandamizo unashuka, naitrojeni inaweza kufanya mapovu kwenye damu na viungo. Baada ya mbizi moja husubiriwa saa 12 angalau. Baada ya mbizi kadhaa, saa 18. Wazazi wanaobana ratiba huweka mbizi ya mwisho asubuhi na ndege ya Unguja kwenda Dar jioni, kwa kuwa ni dakika 20 tu. Zibadilisheni tiketi, mpande boti.